Santuri Iliyosafiri Bila ya Mwenyewe

Kila inapochomolewa kazi ya zamani kutoka vumbini, wenye magazeti na wenye redio huwahi kusema kwamba "imegunduliwa upya." Neno hili limeenea, nami sina ugomvi na anayelitumia. Ila yafaa tuulize: kitu kikigunduliwa upya, ni nani aliyekuwa amekipoteza? Swali hili limenikaa kichwani tangu niliposikiliza santuri moja ya mwaka 1970 iitwayo Cold Fact, ya mwimbaji wa Marekani aliyejulikana kwa jina moja tu, Rodriguez. Ni muziki wa roki, uliochanganyika na ule wa mtu na gitaa lake.

Aliyenisikilizisha ni mpwa wangu. Alinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, akaamkia, akakaa, kisha akasema, "Mjomba, wewe wapenda maneno. Hebu sikiliza maneno ya huyu."

"Kelele zenu hizo, mwanangu?"

"Si zetu, Mjomba. Hizi ni za mwaka uliozaliwa wewe."

Hapo sikuwa na jibu, nikasikiliza.

Najua wapo miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wasioona kheri katika gitaa wala katika ala yoyote. Suala hilo lina wanavyuoni wake, na mimi niliyekula bakora za chuoni kwa kuchelewa kuhifadhi juzuu sithubutu kujitia umufti. Mimi nasema kama mtunga mashairi. Niliyafuata maneno, na maneno yakanipeleka kwa mtu, na kisa cha mtu huyo ndicho nilichoona si haki nikae nacho peke yangu.

Sixto Rodriguez alizaliwa mjini Detroit tarehe 10 Julai 1942. Wazazi wake walitoka Mexico, naye alikuwa mtoto wao wa sita. Ndipo akaitwa Sixto. Mamake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitatu. Detroit ya zama hizo ndiyo iliyokuwa ikiiundia dunia magari, nao watu walimiminika humo kutafuta kazi za viwandani kutoka kila upande. Lakini fedha zilikuwa na njia zake na taabu ilikuwa na mitaa yake. Mwezi wa Julai 1967 mji uliwaka moto katika ghasia zilizoua watu 43. Mwaka uo huo kijana huyu alitoa wimbo wake wa kwanza kwenye santuri ndogo, na hata hapo jina lake halikusalimika: liliandikwa Rod Riguez, kana kwamba ni mtu wa kabila jingine. Msomaji aliweke kando jambo hili la jina, tutalirudia.

Watayarishaji wawili wa muziki, Mike Theodore na Dennis Coffey, walimfuata kwenye kilabu kimoja cha ulevi cha Detroit, wakamkuta akiimba huku amewapa watu mgongo. Wengine wangaliondoka. Wao walikaa. Baina ya Agosti na Septemba 1969 wakamwingiza studio iitwayo Tera Shirma. Coffey mwenyewe alipiga gitaa la umeme, na besi ikashikwa na Bob Babbitt, mmoja wa mafundi walioziegemeza nyimbo nyingi za kampuni mashuhuri ya Motown. Kwa hivyo asidhani mtu kuwa hii ilikuwa kazi ya kubahatisha. Kampuni ya Sussex, mali ya Bwana Clarence Avant, iliitoa mwezi wa Machi 1970: nyimbo kumi na mbili, dakika thelathini na chache zote pamoja.

Jina la santuri lanipa kazi kulifasiri. Neno kwa neno lingekuwa "ukweli baridi", lakini sisi watu wa joto la Mombasa baridi kwetu ni neema; maji baridi ni sadaka, na upepo baridi wa kusi ni raha. Kule kwao baridi ni kitu kisicho na huruma. Naona "ukweli mkavu" lafaa zaidi, kama mtu anayekupa habari ya msiba bila ya kukukaribisha kiti.

Na kweli, mkavu ndivyo ulivyo. Upo wimbo mmoja, The Establishment Blues, ambao ni kama mtu asomaye gazeti kwa sauti, habari ikifuata habari: wakubwa wa mji wafichao mambo, uchafu usiozolewa, silaha, bei, ndoa zilizovunjika. Hapana kiitikio. Hapana nafasi ya kupumua. Sauti haipandi wala haishuki. Yule bwana hapigi kelele hata pale ambapo mimi ningepiga. Upo mwingine, I Wonder, uliojengwa kwa takriri, swali juu ya swali, kila mstari ukianza kwa maneno yale yale. Mtindo huu sisi twaujua. Mtunzi akianza kila mshororo kwa neno moja, msikilizaji hujikuta amekwisha ingia shairini kabla hajaamua. Maswali mengine ya wimbo ule ni ya aibu, sitayatamka hapa. Lakini la mwisho kunigusa ni pale anapouliza juu ya vita na chuki kwa sauti ile ile tulivu, kama aulizaye saa.

Wimbo wa kwanza kabisa ndio ulionisumbua. Waitwa Sugar Man, nao ni maneno ya mtu anayemwita muuza madawa ya kulevya. Anayataja kwa majina. Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kuelezwa. Tangu Mombasa mpaka Malindi na Lamu, unga umetuingilia majumbani. Wamo vijana tuliosoma nao Yasini ambao leo twawakuta vichochoroni wamelala saa za adhuhuri. Basi niliusikiliza mara tatu kwa ubaya, nikitafuta sifa ya kilevi humo. Sikuiona. Nilisikia mtu aliyechoka, ambaye rangi zote za dunia zimemtoka, naye anamwita amuuzaye kama mgonjwa amwitavyo tabibu wa uongo. Rodriguez mwenyewe katika uzee wake alikuwa akiwaambia watu ukumbini kwamba wimbo ule waeleza hali, haumshauri mtu. Mimi namkubalia. Lakini mzazi akiuzima nao pia simlaumu.

Santuri ilipotoka, Marekani haikununua. Ndiyo habari yenyewe. Kampuni ilimpa nafasi ya pili, akapelekwa London kurekodi Coming from Reality, iliyotoka Novemba 1971, nayo ikalala doro. Ajabu ni kwamba Sussex yenyewe ilikuwa ikivuma wakati huo huo. Mwaka 1971 kampuni hiyo ilimtoa Bill Withers na Ain't No Sunshine, wimbo ambao hata asiyejua Kiingereza ameusikia. Na yule Dennis Coffey aliyempigia Rodriguez gitaa alitamba mwaka huo na Scorpio, muziki usiokuwa na neno hata moja. Watu wametoa sababu nyingi. Yangu ni hii: redio za kule zilikuwa na vikapu, huyu wa weupe, huyu wa weusi, na mwana wa Mexico aimbaye kwa lafudhi ya mtaa hakuwa na kikapu. Rodriguez akaachwa. Sussex nayo ikafunga milango mwaka 1975.

Alifanya nini? Alibomoa nyumba. Alikuwa kibarua wa kuvunja majumba makuukuu na kuyakarabati, akibeba matofali na takataka mgongoni. Mwaka 1976 alinunua gofu la nyumba kwenye mnada wa serikali kwa dola 50, akalikalia. Mwaka 1981 alipata shahada ya falsafa kutoka Chuo Kikuu cha Wayne State huku akiendelea na ubomozi. Aligombea udiwani na hata umeya wa Detroit, asishinde. Aliwalea binti zake. Hapana mahali niliposoma kwamba alikaa akilalama. Hili nalisema kwa sababu sisi watunzi ni watu wa kunung'unika sana, na mimi si wa mwisho katika safu hiyo.

Sasa tuvuke bahari. Wakati yeye yumo vumbini Detroit, santuri yake ilikuwa imekwisha panda chombo. Ilifika Australia, ikapendwa, hata mwaka 1979 akaalikwa kuimba huko, na tena 1981 pamoja na bendi ya Midnight Oil. Ilifika pia Afrika Kusini, na huko ndiko ilikofanya makao.

Afrika Kusini ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi ya ubaguzi wa rangi iliyojifungia. Televisheni yenyewe haikuruhusiwa mpaka Januari 1976. Vijana wa Kizungu walilazimishwa kuingia jeshini, nao huko kambini na mipakani ndiko walikonakiliana Cold Fact kaseti kwa kaseti. Walikuwa wamefunzwa kwamba mkubwa hasemwi, na huyu hapa mtu akiwasema wakubwa kwa majina ya vyeo vyao. Serikali haikupendezwa. Katika maktaba ya redio ya taifa ipo santuri ambayo mchunguzi aliukwaruza wimbo wa Sugar Man kwa kitu chenye ncha, ili sindano isiweze kupita. Fikiria mtu analipwa mshahara, anakaa mezani, kazi yake ni kuchora makovu kwenye sauti ya mwenziwe.

Tusije tukakoroga mambo hapa. Waliomshabikia Rodriguez walikuwa Wazungu wengi wao. Waafrika, Wahindi na Makaladi waliokuwa wakipigwa risasi Soweto na kuhamishwa kwa nguvu District Six walikuwa na nyimbo zao na mashujaa wao, wala hawakungoja kaseti ya Detroit iwaambie kwamba dhuluma ni dhuluma. Lakini si haba kwamba baadhi ya vijana wa Kikaburu waliokuja kuiimba vibaya serikali ya wazee wao katika miaka ya 1980 wamesema kuwa walianzia kwa Rodriguez.

Na ikavumishwa kuwa amekufa. Wengine walisema alijitia moto jukwaani mbele ya watu, wengine kwamba alijipiga bastola. Maiti asiye na kaburi, hapana aliyeomba kuona hati. Nchini mwake hapana amjuaye, na huku anaombolezwa na watu asiowajua. Pengine lau angelijua angelicheka.

Mwenye duka la santuri wa Cape Town, Stephen Segerman, aliyepewa lakabu ya "Sugar" kwa ajili ya wimbo huo, na mwandishi wa habari Craig Bartholomew Strydom ndio waliosema hapana, lazima kieleweke. Mwaka 1996 Coming from Reality ilipotolewa tena Afrika Kusini, kijitabu chake kilikuwa na mwito: yupo mpelelezi wa muziki atakayetuambia mtu huyu ni nani? Strydom akaukamata. Alifuata fedha, fedha zikamtupa njiani. Akarudi kwenye beti.

Hapa ndipo niliposimama na kumwambia mpwa wangu arudishe nyuma. Yule mwandishi alichukua nyimbo akazisoma kama sisi tulivyofunzwa kuusoma utenzi wa kale, tukitafuta ndani yake mtaa, kisima, jina la sultani, ili tujue ulitungwa wapi. London imetajwa, Amsterdam imetajwa, hayakumfikisha popote. Kisha katika wimbo wa Inner City Blues akaliona jina la Dearborn. Akafungua ramani: Dearborn ipo Michigan, ubavuni mwa Detroit. Wasomaji wengi wa ukurasa huu walijua jina hilo kwa sababu nyingine, kwa kuwa ndio mji wa Marekani uliojaa Waarabu na misikiti, uliomchagua Abdullah Hammoud kuwa meya wake mwaka 2021. Basi neno moja lile lilimpeleka Detroit, Detroit ikampeleka kwa Mike Theodore, na mwaka 1997 akamuuliza ni kifo gani hasa kilichomwondoa Rodriguez. Theodore akamwambia Rodriguez yu hai. Wakati huo huo Segerman alikuwa ameweka tangazo la kumtafuta kwenye intaneti, likaonwa na binti mkubwa wa Rodriguez, Eva, naye akajibu.

Machi 1998 Rodriguez alishuka Afrika Kusini akaimba mara sita, ukumbi wa kwanza ukiwa Cape Town tarehe 6. Watu walikuja kuhakikisha kwanza kama ndiye. Alipoanza kuimba wakajua. Alikuwa na miaka 55. Baada ya hapo alirudi nyumbani kwake kule kule.

Dunia nzima ilikuja kuijua habari hii mwaka 2012 kwa filamu ya Searching for Sugar Man. Aliyeitengeneza ni kijana wa Sweden, Malik Bendjelloul, mwana wa daktari aliyezaliwa Algeria. Fedha zilipomwishia alipiga picha nyingine kwa simu ya mkononi. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwezi Februari 2013, Rodriguez hakwenda. Ni filamu nzuri, nami niliitazama mara mbili, lakini ina kasoro moja ambayo mtu mzima hawezi kuinyamazia: Australia haimo. Mtazamaji hutoka akidhani kwamba baina ya 1971 na 1998 mtu huyu hakuimba mbele ya hadhira hata siku moja. Msimulizi amekata tawi ili mti upendeze. Bendjelloul alifariki Stockholm mwezi Mei 2014, naye ana miaka 36 tu.

Nirejee sasa kwenye swali langu la kupotea. Vijana wa Cape Town hawakuipoteza santuri ile. Walikuwa nayo, wameichakaza. Wa Sydney walikuwa nayo. Wenye maduka waliiuza, na mwenye kuuza hajapoteza kitu. Kwenye filamu, wenye kampuni za Afrika Kusini wasema wao walipeleka mirabaha Marekani, kwa Sussex. Clarence Avant alipoulizwa, alighadhibika, akajibu kwamba mkataba wa 1970 si jambo la kumkosesha usingizi. Na Rodriguez kwa miaka yote ile hakujua hata kwamba Afrika Kusini yupo amsikilizaye. Kilichopotea, basi, ni hesabu yake.

Na hapa lile jina naliingia. Kwenye santuri ya Cold Fact, nyimbo zake hazikuandikwa kuwa ni za Sixto Rodriguez. Ziliandikwa kuwa ni za "Jesus Rodriguez" na za "Sixth Prince". Mwaka 2014 kampuni ya Gomba Music, iliyosema kwamba ilikuwa na mkataba naye wa utunzi tangu 1966, ilimshtaki Avant katika mahakama ya Michigan, ikidai majina yale yalitumiwa kumficha mtunzi wa kweli. Ni madai ya mahakamani, na upande wa pili ulikuwa na majibu yake. Lakini mtazame huyu mtu: anatajwa kwa majina matatu manne, na hapana hata moja linalomlipia kodi ya maji.

Wazee wetu walilijua tatizo hili bila ya wakili. Mtunzi wa utenzi alipofika mwisho alilifunga jina lake ndani ya ubeti, na la babake, na mji wake, na idadi ya beti, na mara nyingi mwaka wa Hijra, vyote kwa vina na mizani, ili atakayeliondoa jina aharibu shairi zima. Sisi tuliokuja baadaye tumeiacha ada hiyo tukidhani karatasi yatosha. Kisha zikaja kaseti za taarabu zikinakiliwa madukani usiku kucha, mwimbaji amepata kidogo, mpiga fidla kidogo, mwenye maneno hata hakualikwa. Nami nimewahi kuketi harusini nikazisikia beti zangu nne zikiimbwa kwa jina la mtu mwingine. Nikala biriani, nikaondoka. Rodriguez bila ya kukusudia aliuacha mji wa jirani yake ndani ya wimbo, na huo ndio uliomrudisha. Lau angeliimba juu ya mawingu na maua matupu, wangali wakimsomea hitima mpaka leo.

Santuri zote mbili zilitolewa upya huko Marekani na kampuni ya Light in the Attic, ya kwanza 2008, ya pili 2009. Chuo cha Wayne State kilimtunuku udaktari wa heshima mwaka 2013. Alizunguka dunia akiimba, macho yakimdhoofika, akishikwa mkono na binti zake kufikishwa jukwaani. Fedha zilipokuja, nyingi aliwagawia jamaa na marafiki, yeye akabaki katika nyumba ile ile ya dola 50, akiota moto wa kuni. Alifariki tarehe 8 Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 81. Clarence Avant alifariki siku tano baadaye, tarehe 13, na miaka 92. Watakutana mahali ambapo daftari hazipotei.

Anayetaka kuisikiliza Cold Fact ataipata kwa urahisi siku hizi. Namshauri aanze na Crucify Your Mind, ambamo maneno ndiyo yaliyotangulia na ala zikafuata nyuma kwa adabu, kisha Inner City Blues, aitegee sikio Dearborn inapopita. Nyimbo mbili katika zile kumi na mbili, Hate Street Dialogue na Gommorah, si za utunzi wake, masikio yatamwambia. Sugar Man aiache mwisho, na aisikilize peke yake watoto wakiwa wamelala.